Kiti cha chini, kiti cha juu: siku Mama mdogo alipotazama baleti London

Hebu jiulize, msomaji mpenzi. Unapoingia katika matatu ambayo ndiyo kwanza imeanza kuita abiria, viti vyote vikiwa vitupu, wewe hukalia kipi? Yuko atakayekimbilia kile cha mbele kando ya dereva, aone barabara nzima kana kwamba ni yake. Yuko wa dirishani, na yuko yule mjanja wa mlangoni asiyetaka kusumbuliwa akishuka. Nauli ni ile ile kwa wote, lakini wakifika mwisho wa safari, waulize walichokiona njiani. Kila mmoja atakupa hadithi yake.

Sasa tia akilini ukumbi wenye viti zaidi ya 2,200 ambamo nauli si moja tena. Kiti cha bei ya juu huweza kugharimu zaidi ya mara kumi ya kile cha bei ya chini, na nyote mnatazama onyesho lile lile, siku ile ile. Je, aliyelipa zaidi ndiye aliyeona zaidi? Hilo ndilo swali nililorudi nalo kutoka London mwaka wa 2024, na aliyenisaidia kulijibu ni mtu ambaye hata hakutaka kuja.

Mtu huyo ni Mama mdogo, ndugu yake mama mzazi. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa fundi wa cherehani pale Kariokor. Ameshona sare za shule zisizo na idadi, magauni ya arusi, na yale magauni madogo ya neti wanayovaa watoto wa kubeba maua. Alipochoka na kibanda, binti yake, Dada Mwende, ambaye ni muuguzi London, alimwita aishi nao na amsaidie kumlea Neema, mtoto wa miaka 11. Mwende hufanya kazi kwa zamu na Jumamosi nyingi yuko wodini. Kwa hivyo Jumamosi ya Neema iko mikononi mwa nyanya yake.

Na hapo ndipo palipokuwa na mgogoro. Neema alikuwa amechaguliwa kuingia katika darasa la baleti la kila Jumamosi, na mwisho wa muhula kungekuwa na onyesho. Fomu ililetwa nyumbani, ikiwa na picha ya mtoto wa mwaka uliotangulia: amevaa taiti, na juu yake kisketi kimesimama wima kama sahani, mapaja yote nje. Mama mdogo aliitazama picha ile kwa muda mrefu, kisha akairudisha mezani, uso wa picha ukitazama chini.

"Mimi sitampeleka mjukuu wangu kupanda jukwaani na chupi," akasema.

Fomu ilitakiwa Jumatatu. Mwende hakubishana na mamake, maana kwetu hatubishani na wazazi. Badala yake alinunua tikiti nne.

Niruhusu kwanza nikutembeze, msomaji, kabla hatujaingia ndani. Jumba lenyewe ni Royal Opera House, katika mtaa wa Covent Garden. Ukishuka kwenye kituo cha gari moshi la chini ya ardhi, utapanga foleni ya lifti au utapanda ngazi 193 za kuzunguka hadi juu. Mimi nilijitia ujana nikapanda ngazi. Nilipotokeza nje nikihema kama mbwa wa mwindaji, wenzangu walikuwa wamekwisha kufika zamani, wakiniangalia kwa huruma.

Hapo nje pana soko lenye paa la vioo na vyuma. Leo limejaa maduka ya vipodozi na watalii wanaotazama waimbaji wa mitaani, lakini hadi mwaka wa 1974 hilo ndilo lililokuwa soko kuu la matunda, mboga na maua la London, kabla ya kuhamishiwa Nine Elms ng'ambo ya mto Thames. Kwa hivyo kwa zaidi ya karne moja mabwana na mabibi waliokuja kutazama opera na baleti walipishana na wapagazi wa kabeji. Wazia jumba la dansi za kifalme katikati ya Marikiti yetu, kando ya malori ya viazi kutoka Kinangop, na utakuwa umeipata picha.

Jumba la kwanza hapo lilifunguliwa mwaka wa 1732. Liliungua mwaka wa 1808, likajengwa upya, likaungua tena mwaka wa 1856. Hili linalosimama sasa ni la tatu na lilifunguliwa mwaka wa 1858, ingawa sehemu kubwa ilijengwa upya kabla ya kufunguliwa tena mwaka wa 1999. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili liligeuzwa kuwa ukumbi wa kawaida wa kucheza dansi. Baada ya vita, tarehe 20 Februari 1946, lilifunguliwa tena kwa baleti ya The Sleeping Beauty, na mchezaji mkuu alikuwa Margot Fonteyn. Maleba yalibuniwa na Oliver Messel wakati ambapo nguo Uingereza zilikuwa zikiuzwa kwa kuponi za serikali, kipande kwa kipande, na rangi ilikuwa haba. Nilimsimulia Mama mdogo habari hizi tulipokuwa tukingoja milango ifunguliwe. Ndilo jambo la kwanza lililompendeza siku hiyo.

"Alishonaje nguo za wafalme kwa kuponi?" akauliza. Huo ndio mwulizo wa fundi.

Ndani, msomaji, ukumbi umejengwa kama kwato la farasi. Chini kabisa, mbele ya jukwaa, ni Stalls. Kisha roshani zinapanda moja juu ya nyingine, zimekumbatia ukumbi pande zote, hadi ufike Amphitheatre, ambako watu wanaonekana kama wamekalia mteremko wa kilima. Umbo hilo ni zuri kwa macho, nyekundu na dhahabu tupu, lakini kusema kweli lilibuniwa enzi ambazo matajiri walikuja kutazamana wao kwa wao kama vile walivyokuja kutazama jukwaa. Aliye kwenye pembe ya kwato anawaona vizuri sana watu wa roshani ya mkabala. Jukwaa lenyewe ataliona nusu.

Mwende alikuwa amenunua viti viwili huko chini kwenye Stalls, vya Mama mdogo na Neema. Hizo zilikuwa fedha za zamu kadhaa za usiku. Mimi na yeye tulipanda juu kabisa, kwenye zile mbawa za pembeni ziitwazo Slips, ambako unakalia benchi na jukwaa liko chini yako, upande. Hatukudanganywa na mtu: tikiti yenyewe ilisema wazi kwamba hapo huoni jukwaa zima, na bei ilikuwa ya kumfaa mwandishi wa gazeti.

Onyesho la siku hiyo lilikuwa Swan Lake, yaani ziwa la mabata-maji, wale ndege weupe wenye shingo ndefu. Muziki ni wa Tchaikovsky. Baleti hii ilichezwa kwa mara ya kwanza Moscow mwaka wa 1877, lakini hii inayojulikana zaidi leo imetokana na ile ya Marius Petipa na Lev Ivanov, iliyoonyeshwa St Petersburg mwaka wa 1895. Kisa chake hakikosi mfano katika ngano zetu: mwanamfalme Siegfried anakutana kando ya ziwa na binti Odette, aliyerogwa akawa ndege mchana na mtu usiku. Kitakachomwokoa ni mapenzi ya kweli ya mtu ambaye hajamwapia mwingine. Mchawi, akilijua hilo, anamleta karamuni binti mwingine, Odile, anayefanana na Odette kama shilingi kwa ya pili, isipokuwa amevaa nyeusi. Mwanamfalme anaapa mbele ya asiyefaa. Na kwa kawaida Odette na Odile huchezwa na mtu mmoja, kwa hivyo kazi yote ya kumtambulisha mtazamaji nani ni nani iko katika mwili na katika nguo.

Sasa nikueleze nilivyoona kutoka juu. Mwanzoni nilijuta. Sehemu ya jukwaa upande wetu ilikuwa imetoweka kabisa. Mchezaji alikuwa akikimbilia upande ule na kupotea, watu wa chini wanapiga makofi, nami sijui alifanya nini huko. Ukiinama mbele ili uone zaidi, unamziba aliye nyuma yako, na kwa Waingereza hilo ni kosa kubwa kuliko kukanyaga mtu. Nyuso za wachezaji sikuziona. Lakini nilimwona mpiga ngoma kule kwenye shimo la okestra akisoma kitabu chake akingoja zamu, jambo ambalo mwenye kiti cha pauni nyingi hatalipata kamwe.

Kisha wakaingia ndege. Zaidi ya wasichana 20 waliovaa meupe waliteremka mmoja baada ya mwingine, wakapanga safu, safu zikageuka kuwa duara, duara likafunguka kama ua. Kutoka juu zile sketi zilizosimama kama sahani hazikuwa tena sketi. Zilikuwa kama matone ya maziwa juu ya sakafu nyeusi, kila moja umbali ule ule na mwenzake, na miguu haikuonekana sana. Nikamgusa Mwende. Naye alikuwa ameinama mbele kuliko inavyoruhusiwa.

Wakati wa mapumziko tulikutana wote wanne katika ule ukumbi mkubwa wa vioo ambao zamani ulikuwa wa soko la maua. Nilitarajia kumkuta Mama mdogo amenuna. Nilimkuta ana mengi ya kusema, na hakuna hata moja nililolitarajia.

Kwanza, alisema, ukiwa chini unasikia viatu. Hakuna aliyemwambia kwamba malaika wale hukanyaga kwa kishindo, ko, ko, ko, kama kuku juu ya mabati. Ncha ya kiatu cha baleti huimarishwa kwa tabaka za kitambaa na gundi mpaka ikawa ngumu kama mbao. Pili, wale wasichana wanatoka jasho, linawatiririka mgongoni, na wanatabasamu. "Hiyo ni kazi ya mkono," akasema, kwa sauti ya kumheshimu mtu. Tatu, wanaume wale nao mbona hawana suruali?

Hapo bibi mmoja mzee aliyekuwa ameshika kikombe chake karibu nasi akacheka, kwa kuwa Mwende alikuwa akitafsiri kwa sauti. Akatueleza kwamba hilo ni swali la kale. Na kweli ni la kale: Januari 1911 Vaslav Nijinsky, mchezaji mashuhuri kuliko wote wa wakati wake, alifukuzwa kazi katika jumba la kifalme la St Petersburg kwa sababu alipocheza Giselle alivaa taiti bila ile kaptura ya heshima ya kuvaliwa juu yake.

Bibi yule alikuwa mteja wa jumba hilo kwa miaka mingi na alikuwa na kinyongo chake mwenyewe. Yeye hakuzipenda sketi za sahani. Tangu mwaka wa 1987, akasema, Swan Lake ya hapo, iliyotayarishwa na Anthony Dowell na kuvalishwa na Yolanda Sonnabend, iliwavika ndege sketi ndefu laini zilizolegea hadi kwenye magoti, kama manyoya yaliyolowa. Kisha mwaka wa 2018 likaja tayarisho jipya la Liam Scarlett, na John Macfarlane, mbunifu wa maleba na mandhari, akazirudisha tutu fupi. "Zile zilikuwa ndege," akasema bibi. "Hizi ni wacheza baleti." Kijana mmoja mwanafunzi aliyekuwa amenunua tikiti ya kusimama akaingilia, kwa adabu, akasema yeye anaona kinyume: sketi ndefu huficha goti na paja, na mstari wa mguu ndio lugha yenyewe ya baleti. Ukiuficha ni kama kumfunga mwimbaji mdomo. Nami nikawakumbusha kwamba tangu mwaka wa 1995 Matthew Bourne amekuwa na Swan Lake yake ambamo ndege wote ni wanaume, vifua wazi, na suruali za manyoya hadi magotini. Bibi akasema hiyo ameiona mara nne.

Nilimtazama Mama mdogo. Alidhani ni yeye peke yake mwenye neno juu ya nguo zile, kumbe Waingereza wenyewe wanagombana kuhusu urefu wa sketi, tena wakiwa na vikombe mkononi. Nadhani jambo hilo lilimtuliza kuliko hotuba yoyote ambayo ningempa.

Na ugomvi huo, msomaji, una umri mkubwa kuliko Nairobi yenyewe. Katika karne ya 18 huko Paris, Marie Camargo alipandisha pindo la gauni lake kidogo tu juu ya vifundo vya miguu, ili watu waone hatua zake za haraka, na mji mzima ukanong'ona. Mwaka wa 1832 Marie Taglioni alicheza La Sylphide akiwa na sketi nyeupe nyepesi yenye umbo la kengele, na tangu siku hiyo mzuka au malaika wa baleti amevaa nyeupe. Sketi iliendelea kupanda kadiri hatua zilivyozidi kuwa ngumu, mpaka ikafika kwenye nyonga ikasimama wima.

Lakini nguo hizo hazikuwa mchezo. Kumbi za wakati huo zilimulikwa kwa gesi, na neti hushika moto upesi. Palikuwa na dawa ya kuzuia moto ya kuchovya nguo, lakini iliikausha sketi na kuiondolea weupe. Emma Livry, msichana aliyekuwa tumaini la Opera ya Paris, aliikataa kwa sababu hiyo. Novemba 1862, wakati wa mazoezi, sketi yake iligusa moto wa taa. Alifariki Julai mwaka uliofuata, akiwa na miaka 20. Mabaki ya nguo yake yamehifadhiwa Paris hadi leo.

Turudi London. Kengele ya kuwaita watu ndani ilipolia, Mama mdogo alinishika mkono. "Mwanangu, nipe tikiti yako. Nataka kuziona zikiwa zote pamoja." Nilimwonya kwamba kiti changu ni cha shida, kwamba ataliona jukwaa nusu. Akanijibu kwamba kwa miaka 30 ametazama maarusi akiwa mlangoni, kwa kuwa fundi hakaribishwi meza ya mbele, na hajawahi kukosa kuona kombo la pindo. Akapanda na Mwende kwa ngazi za umeme. Nikateremka na Neema.

Ah, kiti cha chini! Sitakudanganya, ni raha. Magoti yana nafasi. Pazia lilipofunguka kwa tendo la tatu, la karamu, dhahabu ya mandhari ilinipiga machoni hata nikasahau kupumua. Huku chini unaona kila kitu cha karibu: shanga, vidole, macho ya Odile anapomtazama mwanamfalme huku akijua anamdanganya. Alipoanza ile mizunguko 32 maarufu kwa mguu mmoja, nilisikia kiatu kikisaga sakafu na pumzi zikitoka kwa mkupuo. Neema alikuwa akihesabu kwa midomo. Alipofika 32 alinifinya mkono mpaka nikaumia.

Lakini nilikosa kitu. Tendo la nne, ndege waliporudi, niliona safu ya kwanza tu. Waliobaki walikuwa msitu wa neti nyuma yake. Lile ua nililoliona kutoka juu halikuchanua. Na bwana mmoja mrefu aliyekaa mbele yangu alikuwa na kichwa cha kutosha watu wawili, kwa kuwa sakafu ya chini haina mteremko mkubwa.

Kwa hivyo ukiniuliza leo, nitakwambia hivi. Kwa mchezo wa maneno, kaa karibu uone nyuso. Kwa baleti yenye kundi kubwa, usione haya kukaa juu, mradi uwe katikati. Ni heri kiti cha juu cha katikati kuliko cha chini cha pembeni. Safu ya kwanza kabisa iepuke: jukwaa liko juu ya macho yako na huenda usiione miguu, na miguu ndiyo uliyoilipia. Ukiwa na mtoto, uliza kama kuna mto wa kumwinua. Na kama unaweza, badilishaneni wakati wa mapumziko, tikiti kwa tikiti, kama tulivyofanya sisi. Si lazima upande ndege kuyajaribu haya. Pale Kenya National Theatre, jumba lililofunguliwa mwaka wa 1952, Dance Centre Kenya imewahi kuwapa watu wa Nairobi The Nutcracker wakati wa Krismasi, wakiwemo wachezaji watoto. Enda, na uwahi tikiti mapema.

Lipo jambo jingine ambalo Neema aliniambia tukiwa tumekaa pale, taa zikiwa bado hazijazimwa. "Mjomba, miguu yao yote ni ya waridi." Nikatazama. Kweli, taiti na viatu vya baleti kwa desturi ni vya rangi ya waridi iliyofifia, ili mguu na kiatu vionekane kitu kimoja. Rangi hiyo ilichaguliwa kwa ngozi nyeupe. Mchezaji mweusi akivaa hivyo, mwili unakatika kiunoni: juu rangi moja, chini nyingine. Kundi la Dance Theatre of Harlem la New York, lililoanzishwa mwaka wa 1969, lilianza katika miaka ya 1970 kuvaa taiti na viatu vya rangi ya ngozi ya kila mchezaji. Kwingine wachezaji weusi waliendelea kupaka viatu vyao vipodozi kwa mkono, jozi baada ya jozi. Ni mwaka wa 2018 tu ambapo kampuni ya viatu ya Freed of London, ikishirikiana na kundi la Ballet Black, ilitoa viatu vya kahawia vya kuchezea kwenye ncha za vidole.

Nilimwambia pia habari ya Francesca Hayward. Huyu alizaliwa Nairobi mwaka wa 1992, mama yake Mkenya, akalelewa na babu na nyanya yake huko Sussex, na tangu mwaka wa 2016 ni mchezaji mkuu wa Royal Ballet, kundi la jumba hilo hilo tulimokuwa. Siku hiyo hakuwa akicheza. Neema alimjua tayari, na akanitazama kwa huruma, kama mtu anayepashwa habari ya kwamba jua huchomoza mashariki.

Tulirudi kwa gari moshi la chini ya ardhi. Lilikuwa limejaa, tukasimama hadi vituo kadhaa vikapita. Mama mdogo hakusema neno. Mwende alinitupia jicho, nami nikainua mabega. Walipokuwa juu, akaninong'oneza, mamake hakuinama mbele hata mara moja. Alikaa wima kama yuko kanisani, na ndege walipojipanga kwa mara ya mwisho mbele ya mwezi alisema kitu kimoja tu, kwa lugha ya nyumbani, ambacho Mwende alikataa kunitafsiria.

Tulipopata viti Mama mdogo alitoa bahasha kuukuu mkobani, akaiomba kalamu yangu na kuanza kuchora. Alichora kiuno, akachora tabaka, moja, mbili, tatu, hadi kumi. Ile sketi, akatueleza, haishikiliwi na kiuno hata kidogo. Inashikiliwa na kipande kinachobana nyonga, na kila tabaka la neti ni fupi kuliko lililo juu yake ili la chini libebe la juu. Ndiyo maana haianguki. Bodi ina vipande vingi mno, labda kumi, na nyuma kuna safu kadhaa za vishikizo vya ndoana ili nguo moja iweze kuvaliwa na watu wawili wa viuno tofauti. Hayo ya ndoana aliyaona akiwa chini, mchezaji alipompa mgongo. Na ile nguo ya ndani aliyoiita chupi ni sehemu ya sketi yenyewe, imeshonewa humo. Hakuna kilicho wazi pale. Yote ni kitambaa, na aliyekata kitambaa hicho, akasema, amefundishwa na mtu aliyejua.

"Neema, simama," akasema. Neema akasimama katikati ya gari, ameshika mlingoti, na nyanya yake akampima kiuno kwa shubiri, mara moja na kitu, mbele ya abiria wote.

"Neti huku ni pesa ngapi mita?" akamwuliza Mwende.

Mwende alisema hajui, lakini kuna maduka, atauliza. Alikuwa akijitahidi kutotabasamu.

"Uliza. Na hiyo fomu," akasema Mama mdogo, akikunja bahasha na kuirudisha mkobani, "huko kwenye taiti usiandike ya waridi. Waambie mtoto wangu anataka ya rangi yake."